Shule ya Pugu: Kutoka St. Francis hadi Pugu Sekondari

Naandika kutoka Turffontein, kusini mwa jiji la Johannesburg, mahali ambapo wengi mnapajua kwa kiwanja cha mbio za farasi na sisi wengine tunapajua kwa sababu ndipo kodi ya nyumba ilipotushusha.

Juzi hapa kwetu tulikuwa na maongezi ya Jumapili, wali umeshaliwa na chai iko mezani, kikazuka kibishi. Mwenzetu mmoja, mtu wa Songea, alisema Serikali ya Tanzania iliipora Kanisa Katoliki shule ya Pugu na inapaswa kuirudisha. Mwingine, mtu wa Temeke, akaja juu: imrudishie nani, wakati babu yangu alikaa kilomita chache kutoka hapo na hakuna mtoto wake hata mmoja aliyeweza kuingia? Kijana mmoja aliyezaliwa huku akauliza, hivi Pugu si shule ya serikali tangu mwanzo? Hapo nikaona kuna kazi ya kufanya. Nimejaribu kuyaweka mambo kwa utaratibu, si kwa ajili ya kumpa mtu ushindi, bali tubishane juu ya kitu tunachokijua.

MWANZO WENYEWE

Pugu ni vilima vilivyoko kusini magharibi ya Dar es Salaam, mwendo wa kama kilomita 20 kutoka Posta, katika nchi ya Wazaramo. Wamisionari Wabenedikto kutoka Ujerumani, wa shirika lenye makao yake St. Ottilien, walifika pwani yetu mwanzoni mwa 1888 na wakachagua Pugu kuwa kituo chao cha kwanza. Ukitazama ramani utaona kwa nini: pako juu, pana hewa, pana maji, na si mbali na bandari.

Lakini walifika wakati mbaya. Mwaka huohuo Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kushika pwani kwa nguvu, bendera zikapandishwa, ushuru ukachukuliwa, na watu wa pwani wakaongozwa na Abushiri bin Salim wakainuka. Januari 1889 kituo cha Pugu kilishambuliwa na kuchomwa. Wamisionari watatu waliuawa, mmoja wao mwanamke, Sista Martha, na wengine wakachukuliwa mateka. Kwa mtazamo wa vitabu vya misheni hao ni mashahidi. Kwa mtazamo wa watu waliokuwa wakipigania pwani yao, Mjerumani mwenye Biblia na Mjerumani mwenye bunduki walishuka kutoka meli zinazofanana. Hayo mawili yote ni kweli kwa waliokuwapo, na anayetaka kuieleza Pugu akaruka la pili atakuwa ameanza vibaya.

Baada ya hapo Wabenedikto walijenga zaidi Dar es Salaam mjini na kusini, kule Peramiho na Ndanda. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Waingereza wakashika Tanganyika na Wajerumani wakaondolewa. Eneo la Dar es Salaam likakabidhiwa Wakapuchini kutoka Uswisi. Mkuu wao aliyedumu kuliko wote ni Edgar Maranta, aliyeliongoza jimbo tangu 1930 hadi 1968. Wakapuchini ni watoto wa Mtakatifu Fransisko wa Assisi, kwa hiyo mtu asishangae kuona jina la St. Francis limeandikwa juu ya lango la sekondari yao kule Pugu. Walimu wengi mapadre, hata hivyo, walikuwa Waairish wa Shirika la Roho Mtakatifu. Yaani shule ya Waswisi, inayofundishwa na Waairish, chini ya Waingereza, kwa ajili ya vijana wa Tanganyika. Ndivyo mambo yalivyokuwa.

KWA NINI MISHENI ILIJIINGIZA KATIKA SEKONDARI

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, na bila hilo ubishi wa "mali ya nani" hauwezi kueleweka.

Miaka ya mwanzo, shule za misheni zilikuwa hasa mahali pa kujifunzia katekisimu, kusoma kidogo na kuandika kidogo. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki na kushauri serikali za kikoloni zishirikiane na misheni badala ya kila mmoja kwenda njia yake. Tanganyika ikatunga sheria mwaka 1927, na kuanzia hapo shule ya misheni iliyokubali kukaguliwa na kufuata mtaala wa Serikali iliweza kupewa ruzuku. Fedha ya ruzuku ilitoka wapi? Ilitoka katika hazina ya Serikali, na hazina hiyo ilijazwa na kodi ya vichwa na ushuru, aliyelipa akiwa Mkristo, Mwislamu au mtu wa dini za jadi.

Mwaka uliofuata, 1928, alikuja Dar es Salaam Askofu Arthur Hinsley, mjumbe wa Papa, akakutana na wakuu wa misheni za Kikatoliki. Maneno aliyowaambia yalikuwa mazito. Kwa kifupi aliwataka washirikiane na Serikali kwa nguvu zao zote, na kama hawawezi kufanya uinjilisti na elimu kwa pamoja, basi afadhali waache makanisa yangoje lakini shule zikamilike. Fikiria, askofu anawaambia mapadre makanisa yangoje! Aliona kwamba atakayeshika shule ndiye atakayekuwa na watu kesho.

Kutoka hapo misheni zikashindana kujenga. Wakatoliki wakawa na St. Mary's Tabora chini ya Mapadre Weupe, Ihungo kule Bukoba, Umbwe Kilimanjaro, Kwiro Mahenge, na kwa wasichana Marian College Morogoro. Waanglikana, ambao shule yao ilikuwa Kiungani Unguja, waliihamishia bara, na ikawa St. Andrew's Minaki, si mbali na Pugu kabisa. Kwa hiyo katika vilima hivyo kulikuwa na seminari mbili za wakubwa wa kesho, moja ya Roma na nyingine ya Canterbury, na katikati yake vijiji vya Wazaramo ambao wengi wao walikuwa Waislamu na watoto wao walikuwa chuoni kwa mwalimu wakisoma Kurani. Mzee wa Kizaramo aliogopa, na hakuwa mjinga kuogopa, kwamba mtoto akiingia shule ya padre jina lake litabadilika. Mara nyingi lilibadilika.

MAISHA YALIVYOKUWA NDANI

Pugu ilikuwa shule ya bweni ya wavulana. Ukubwa wake haukuwa katika majengo. Ulikuwa katika mchujo. Mtoto alichujwa darasa la nne, akachujwa tena shule ya kati, ndipo akafika sekondari, na huko akakuta mtihani wa Cambridge unamngoja mwishoni. Waliofika juu walikuwa wachache kiasi kwamba walijuana kwa majina nchi nzima. Aliyepita hapo aliweza kwenda Makerere, na aliyetoka Makerere alirudi akiwa bwana mkubwa.

Siku iligawanywa kwa kengele. Kuamka, misa, usafi, darasani, bwaloni, shambani, mpirani, masomo ya jioni, kulala. Lugha ya darasani Kiingereza, lugha ya bwenini Kiswahili, na lugha ya kwao mtu ni ya kunong'ona na mtu wa kwao. Mhaya, Mchaga, Mngoni, Mmakonde na Mpogoro walilala kitanda hiki na kile. Sisi tunaosomea mambo ya lugha tunapenda kusema Kiswahili kilienezwa na biashara na majeshi, na ni kweli. Lakini tusisahau mabweni. Kijana aliyefika Pugu na Kiswahili cha kuombea maji alitoka baada ya miaka minne akiwa na Kiswahili cha utani, cha ugomvi, na cha kuandikia barua ya uchumba.

MWALIMU NYERERE

Sasa tufike kwa mtu aliyeipa Pugu jina.

Julius Nyerere alifundisha kwanza St. Mary's Tabora tangu 1946 hadi 1949, halafu akaenda Edinburgh. Aliporudi na shahada yake ya M.A., mwaka 1953 alianza kazi Pugu, akifundisha historia. Mwezi Aprili mwaka huohuo alichaguliwa rais wa TAA, chama cha Waafrika kilichokuwa na makao yake Dar es Salaam. Tazama hali yenyewe: siku za kazi yuko kilimani akifundisha vijana historia ya Wazungu, mwisho wa wiki anateremka mjini Kariakoo kwa kina Abdulwahid Sykes na wenzake kupanga historia nyingine kabisa. Wazee husimulia kwamba mara nyingi safari hiyo aliifanya kwa miguu. Na tuseme wazi, mji uliompokea ulikuwa mji wa Waislamu, na bila wao mwalimu wa shule ya padre angebaki mwalimu wa shule ya padre.

Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikawa TANU. Machi 1955 Nyerere akaenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi mambo hayakuweza kuendelea kama zamani. Shule ilikuwa inapokea ruzuku, Serikali ya kikoloni ilikuwa inatazama, na mkuu wa shule akamtaka achague moja, ualimu au siasa. Nyerere akachagua. Mwezi huohuo wa Machi 1955 aliandika barua ya kujiuzulu na akarudi kwao Musoma na familia yake bila mshahara. Baadaye alipenda kusema kwamba ualimu aliuchagua mwenyewe, siasa ilimkuta tu. Jina la Mwalimu halikumtoka mpaka anakufa mwaka 1999.

Watu wengi wanaisimulia habari hii kama kwamba mapadre walimfukuza. Sivyo hasa. Walikuwa wamebanwa, kwa sababu anayekula ruzuku hawezi kumtukana mpishi. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwani litatufaa tukifika mwisho.

Mwanafunzi wa Pugu anayejulikana zaidi ni Benjamin Mkapa, kijana wa Lupaso, Masasi, aliyepita Ndanda na Seminari ya Kigonsera kabla ya kufika hapo, akaenda Makerere, akawa mwandishi wa habari, waziri, na rais wa awamu ya tatu tangu 1995 hadi 2005. Aliandika kumbukumbu zake zikachapishwa 2019, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Basi shule moja juu ya kilima kimoja ina rais mmoja aliyesimama mbele ya ubao na mwingine aliyekaa kwenye dawati.

1970: SHULE INABADILI MWENYEWE

Uhuru ulipokuja 1961 ilionekana mara moja kwamba daraja la elimu limeegemea upande mmoja. Sehemu zilizokuwa na misheni nyingi zilikuwa na wasomi wengi: Kilimanjaro, Bukoba, kusini kwenye Wabenedikto. Pwani na sehemu nyingine zilikuwa nyuma. Na kwa kuwa misheni ni ya dini, pengo la mikoa lilikuwa pia pengo la dini. Serikali changa yenye mawaziri waliotoka shule hizohizo ililiona, na ililiogopa.

Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, mwezi uliofuata Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1969 Bunge likapitisha Sheria ya Elimu, na tangu 1970 shule zote zilizokuwa zikipewa ruzuku zikawekwa chini ya uendeshaji wa Serikali. Zilizoachwa mikononi mwa Kanisa ni seminari, kwa kuwa hizo ni za kuandaa mapadre. Aliyeongoza Serikali iliyofanya hivyo alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila asubuhi, aliyewahi kula mshahara wa Pugu.

St. Francis College ikawa Pugu Sekondari. Marian College ikawa Kilakala. Mapadre wengine walibaki kama walimu walioajiriwa, wengine wakaondoka. Nafasi ikagawanywa kitaifa: kijana wa Mtwara, wa Kigoma, wa Unguja aliyefaulu huku bara, Mwislamu, Mlutheri, asiye na dini, akapelekwa popote penye kitanda. Misa ya lazima ikakoma. Mchakamchaka ukaingia. Shamba likawa somo. Karo haikuulizwa. Kuna watu humu barazani ambao baba zao walikuwa wavuvi au makuli, na wasingejua Pugu inafananaje kama si mwaka huo 1970. Hilo ni jema na lazima lisemwe kwa sauti.

Lililo baya nalo lisemwe. Serikali ilichukua shule nyingi kwa mara moja kuliko ilivyoweza kuzitunza. Hali ya uchumi ilipoharibika mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuendelea, baada ya vita ya Kagera na mafuta kupanda bei, shule za bweni ndizo zilizoumia kwanza: paa linavuja, maabara haina kemikali, mlo ni ugali na maharage, kesho maharage na ugali. Mwalimu anahamishwa kabla hajajua majina ya wanafunzi wake. Hakuna hata moja katika hayo lililokuwa siri ya Pugu peke yake. Ilikuwa hali ya nchi.

Na seminari zilizoachwa? Zikageuka kuwa miongoni mwa shule bora za wavulana nchini. Wazazi Wakatoliki waligundua kwamba mtoto anaweza kuwa na wito wa upadre mpaka kidato cha sita halafu wito ukaisha siku ya matokeo!

WENZETU WALIFANYAJE

Tusidhani jambo hili lilikuwa la Tanzania tu. Uganda walikuwa na Namilyango ya mwaka 1902 na Kisubi ya 1906, na Serikali ilipozichukua shule mwanzoni mwa miaka ya 1960, majina na roho ya waanzilishi havikufutwa. Kenya, kwa Sheria ya Elimu ya 1968, waliliita Kanisa "mdhamini": Serikali inalipa walimu, Kanisa linabaki na sauti katika maadili na uongozi. Ndiyo maana Mang'u, iliyoanzia Kabaa mwaka 1925 na ambayo Mwai Kibaki alisoma, mpaka leo inajijua ni shule ya Kikatoliki ingawa ni ya umma. Tanzania ilikata moja kwa moja, Kenya ilikata na kushona.

Na hapa ninapokaa? Kutoka Turffontein ni mwendo mfupi tu kufika Rosettenville. Palikuwa na St. Peter's, shule ya Waanglikana ya vijana wa Kiafrika. Oliver Tambo alisoma hapo na kufundisha hapo. Hugh Masekela alisoma hapo, na tarumbeta yake ya kwanza alipewa na Padre Trevor Huddleston. Mwaka 1953 Serikali ya makaburu ikatunga Sheria ya Elimu ya Kibantu, kwamba shule za misheni zikabidhiwe Serikali ili mtoto Mwafrika afundishwe kuwa mtumishi, au zikose ruzuku. Waanglikana wa Johannesburg wakasema afadhali tufunge kuliko kukabidhi, na St. Peter's ikafungwa mwaka 1956. Wakatoliki wakaamua tofauti. Maaskofu wao, na Denis Hurley wa Durban akiwa mstari wa mbele, waliendesha mchango wa nchi nzima mwaka 1955 ili shule zao ziishi bila ruzuku. Ziliishi kwa shida, na nyingi zikafa pole pole. Lakini zile zilizobaki ndizo zilizowezesha masista, mwaka 1976 na 1977, kufungua milango ya shule zao za Wazungu kwa watoto wa rangi zote, kinyume cha sheria ya nchi, miaka mingi kabla ya Serikali kukubali.

Huddleston mwenyewe alikwenda wapi baadaye? Akawa Askofu wa Masasi kwetu, tangu 1960 hadi 1968. Kwa hiyo mtu aliyeona shule ikichukuliwa na dola ovu kwa nia ya kuwafunga watu alikuja kukaa katika nchi ambayo muda mfupi baada ya yeye kuondoka ilichukua shule kwa nia ya kuwafungua. Sheria zinafanana kwa maneno, hazifanani kwa kusudi. Wanaosema "uporaji ni uporaji" hawatazami tofauti hii. Na wanaosema "nia ilikuwa njema" na kuishia hapo, nao hawaendi kutazama paa la bweni.

KUKUA UPYA

Miaka ya 1990 upepo ukageuka. Mwaka 1992 Serikali na makanisa yakatia saini makubaliano juu ya huduma za jamii, na ikaundwa tume ya Wakristo ya huduma hizo, CSSC. Baadhi ya Waislamu waliyalalamikia makubaliano hayo, wakiuliza mbona mlango unafunguliwa tena kwa waliotangulia, na mjadala huo haujafungwa. Sekondari binafsi zikaruhusiwa kwa wingi. Majesuti wakaanzisha Loyola Dar es Salaam mwaka 1995. Pakatokea Marian Girls Bagamoyo na St. Francis Girls Mbeya, shule za wasichana ambazo miaka mingi zimekuwa juu katika matokeo ya taifa.

Mmeyaona majina? Marian na Francis. Majina yaliyoondolewa Morogoro na Pugu mwaka 1970 yamerudi Bagamoyo na Mbeya. Na safari hii yamerudi kwa wasichana, ambao zamani za St. Francis College wasingeweza kupita getini ila kumletea kaka yao nguo. Lakini yamerudi na karo. Mtoto wa yule mvuvi anaingiaje? Ruzuku haipo, mchujo wa kitaifa haupo. Kinachochuja sasa ni mfuko wa mzazi. Huo ndio mzunguko mzima wa habari hii: kwanza mlango ulifunguliwa na ubatizo, halafu ukafunguliwa na mtihani, sasa unafunguliwa na benki.

Pugu yenyewe ipo. Ile barabara ya kutoka mjini kuelekea uwanja wa ndege na vilima, iliyoitwa Pugu Road, sasa inaitwa Barabara ya Nyerere. Yaani jina la kilima limempisha mwalimu wake. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar mwaka 2024 ina kituo Pugu. Safari ambayo mwalimu wa historia aliikata kwa miguu siku za mwisho wa wiki sasa ni ya dakika chache, na vijana wa shule ya umma bado wapo kilimani.

NINAVYOONA MIMI

Sasa kwa kile kibishi cha Jumapili. Kwa mtu wa Songea nasema: Kanisa lilijenga, lilifundisha, na watu wake wengine walizikwa Pugu. Hilo haliwezi kufutwa, na ni aibu kwamba kijana wetu aliyezaliwa huku alidhani shule ilianza na Serikali. Kwa mtu wa Temeke nasema: ni kweli, kodi ya babu yako ilikuwa ndani ya ruzuku ile, na mtoto wake akakosa kiti. Kwa hiyo kuirudisha Pugu kama kwamba ilikuwa mali ya mmoja tu ni kuisema nusu ya hesabu.

Lakini nina neno moja kwa wote wawili. Miaka yote Pugu iliposifika, walikuwapo walimu waliokaa. Padre wa Kiairish alikaa miaka kumi kwa sababu hakuwa na kwingine kwa kwenda. Nyerere alikaa miaka miwili tu na mpaka leo tunamtaja. Shule ilipodhoofika, tatizo halikuwa kibao cha getini, lilikuwa mwalimu asiyejua kama mwakani atakuwapo na mshahara usiomfikisha tarehe 20. Wakabidhiwe Wakapuchini, Wabenedikto, Serikali au halmashauri, bila jambo hilo kutengenezwa tutakuwa tunabadilishana funguo za nyumba isiyo na watu.

Nimemaliza, na kama nimekosea mahali, waliosoma Pugu mmo humu: nisahihisheni bila kunionea haya. Hasa ningependa kusikia kutoka kwa mtu aliyekuwapo bwenini mwaka ule wa 1970, siku ya kwanza kengele ilipolia na haikuwa ya misa.